Kamba ya Tusekile

Siku ya kuniaga, vijana wa kikosi mlinipa blanketi, keki, kile kibano changu cha kamba mkisema nikae nacho kama ukumbusho, na nafasi ya kusema neno. Nilisema asanteni nikakaa. Mlidhani mzee Idi ameshikwa na machozi. Kusema kweli, neno nililokuwa nalo lisingekaa meza moja na keki, na mgeni rasmi alikuwa ameanza kutazama saa. Sasa niko nyumbani, mvua ya Tukuyu imenifungia ndani kama kawaida yake, na mke wangu amechoka kuniona nikikagua miti ya jirani kupitia dirishani. Nimeona niliandike.

Mimi ni Mrangi, mtu wa Kondoa. Wakati wa utoto wangu, kitu kirefu kuliko vyote kijijini kwetu kilikuwa nguzo ya simu, tena haikuwa na waya. Nilifika Rungwe nikiwa kibarua wa kufyeka kando ya barabara, nikapelekwa kikosi cha miti kwa sababu mtu mmoja alikuwa ameacha kazi. Sikuuliza kwa nini ameacha. Baadaye niliambiwa hakuacha, alianguka.

Mkuu wa kikosi alikuwa Mzee Ambakisye, mwenyeji wa huku huku chini ya mlima, mfupi, miguu yenye matege, anayeongea kana kwamba maneno yananunuliwa. Asubuhi ya kwanza alinitazama kutoka utosini hadi viatuni.

"Kondoa kuna miti?"

"Ipo, mzee."

"Ya kupanda?"

"Ya kukaa kivulini."

"Haya, Mrangi. Leo hupandi. Leo unagonga."

Akanipa panga nigonge shina kwa mgongo wake, kuanzia usawa wa goti, nikiuzunguka mti wote, nimwambie nasikia nini. Nikamwambia nasikia ko, ko, ko. Akasema gonga tena. Nilipofika upande wa mlimani mti ukajibu bu. "Hapo," akasema, "hapo ndipo watu wanapofia." Mti mzima hujibu kwa ukali, uliooza ndani hujibu kwa uvivu, na uyoga ukiota kwenye mizizi hata kugonga huna haja. Kabla ya kunifunga kamba mara ya kwanza, aliniacha nigonge miti mpaka nikawa nagonga hata milango ya watu kwa kusikiliza.

Vijana wa sasa mnapiga picha jani, simu inawaambia jina. Si vibaya. Ila simu haikwambii tabia. Mgrevilea umejaa huku kwa sababu unakua haraka na unaelewana na migomba, lakini matawi yake yanakatika kama biskuti. Usipeleke uzito wako mbali na shina. Msindano utakupaka ulimbo mpaka mkeo akukatae mezani. Mparachichi mkubwa una sura ya upole, ila mbao zake ni laini, na tunda linalong'aa nchani limewaita wengi kwenda wasikopaswa. Mkuyu ukiukata unatoa maziwa, na yakiingia jichoni siku yako imekwisha. Mkaratusi ndio mbaya wao. Unaweza kudondosha tawi zima siku isiyo na upepo, jua linawaka, kila mtu ana furaha. Mti pekee niliowahi kuuamini ni mringaringa, na hata huo niliuamini nikiwa nimefungwa kamba.

Vifaa vya wakati ule vilikuwa kamba ya katani, panga, msumeno wa mkono na sala. Katani ikilowa inavimba, fundo halifunguki, unateremka jioni umevaa kamba kama mbuzi aliyetoroka. Baadaye tukapata kamba za nailoni, mikanda ya kiunoni na kofia ngumu, ambazo kwanza tulizitumia kubebea maembe ng'ong'o, kisha tukapata akili.

Namna ya kupanda ilikuwa hivi, na wengi wenu hamkuikuta. Mpandaji anafungwa kamba kiunoni. Kamba inapita juu ya panda imara ya matawi iliyo juu yake, inashuka mpaka kwa mshika kamba aliye chini. Huyo anaizungusha mara mbili kwenye shina la mti wa jirani, kisha anashika ncha. Aliye juu akipanda, wa chini anavuta kuondoa ulegevu. Akishuka, anaachia kidogo kidogo. Kwa mizunguko ile hata mtu mwepesi anaweza kumzuia dume zima lisifike chini, mradi tu asiachie ncha. Macho yake yawe juu, mikono iwe kwenye kamba, mdomo ufungwe.

Kufunga mdomo ndiko kulikokuwa kugumu. Rungwe mtu hapiti bila kusalimia, na hasalimiwi akanyamaza. Salamu ina nyumba, ina watoto, ina ng'ombe, na ukimaliza unaanza upya. Mshika kamba akianza kumjibu "ugonile" kila bibi anayetoka sokoni, aliye juu atazeekea huko huko. Kwa hiyo Mzee Ambakisye aliweka desturi ya kitambaa chekundu. Mshika kamba anakifunga begani, na mwenye kitambaa hasalimiwi mpaka aliye juu akanyage udongo. Vijiji vyote vilikuja kukijua. Kina mama walikuwa wakipita wanaambiana, "Huyu leo marehemu, tutamsalimia akifufuka."

Tusekile alikuja na vibarua wa kukusanya matawi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, mzaliwa wa Kisiba, ameolewa Masukulu na kijana mchuma chai aitwaye Lwitiko, na walikuwa na watoto wawili. Mzee Ambakisye aligundua kwamba mizigo ya kuni aliyoifunga yeye haifunguki hata ikitupwa bondeni. Akampa kamba. Mwenzetu mmoja akasema hawezi kuweka roho yake mikononi mwa mwanamke. Mzee akamuuliza alikaa tumboni mwa nani miezi yote ile, jamaa akapanda mti.

Sijawahi kushikiwa kamba na mtu kama yule, na nimeshikiwa na wengi. Alikuwa anausoma mwili wangu kupitia kamba. Nikisita kidogo tu, kamba imeshakaza kabla sijafungua mdomo. Mara nyingine nasikia sauti kutoka chini: "Kaka Idi, mguu wa kushoto unatetemeka huo. Pumzika kwanza." Nautazama mguu, kweli unatetemeka. Kwa miaka ile nilipanda miti ambayo leo nikiipita naangalia pembeni, na sikuogopa, kwa sababu yeye alikuwa chini.

Sasa nieleze jambo ambalo wenyeji mnalijua, ila wenzenu waliohamishiwa huku kutoka mikoa mingine hawalijui. Kwa mila ya Wanyakyusa, mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona anakuja, anatoka njiani, anachutama akiwa amempa mgongo mpaka apite. Haongei naye, hamtaji jina. Hiyo ni heshima, na mimi niliyetoka mbali sikuwa na sababu ya kuicheka; kwetu nako tunayo ya kwetu. Nyumba nyingi zilikuwa zimeshailegeza. Nyumba ya Mzee Asajile, baba yake Lwitiko, ilikuwa bado. Tusekile hakulalamika hata siku moja. Alikuwa akisema tu "yule wa nyumbani", tunaelewa.

Kisha tukaitwa Masukulu kuondoa matawi ya mkaratusi yaliyokuwa yameinamia paa la zahanati, juu ya chumba cha kujifungulia. Kazi isingeweza kusubiri. Tusekile alijua ni njia ya baba mkwe wake, kwa hiyo asubuhi ile alimtuma mwanawe mkubwa apeleke ujumbe kwa babu: leo mama yuko zahanati na kamba, tafadhali babu apite njia ya juu. Mtoto akaenda, akamwambia bibi yake. Nataka mlielewe hili vizuri, kwa sababu nimelifikiria nikiwa juu ya miti yote iliyofuata. Kila mtu alifanya alichopaswa kufanya.

Ila Mzee Asajile hakuwa amelala kwake. Alilala kwa mdogo wake upande wa bondeni, kifua kikamzidia, asubuhi akaja zahanati moja kwa moja kwa njia ya chini. Na mvua ilikuwa imeanza, ile ya manyunyu isiyo na mwisho. Tusekile akavaa koti la mvua, kofia ngumu kichwani, kitambaa chekundu kikabaki ndani ya koti.

Niliyaona kutoka juu. Mzee mwenye fimbo anakohoa, anasimama karibu na mtu aliyevaa koti refu, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu zake hawezi kupita kimya.

"Ugonile, mwanangu. Poleni na kazi fijo, poleni sana."

Tusekile aliijua sauti. Aliniambia baadaye kwamba miguu yake yenyewe ilitaka kuchutama. Miaka yote ya ndoa ilikuwa imeifundisha. Akaikaza. Akabaki amesimama, macho juu, mikono kwenye kamba, na mzee akasogea kumtazama vizuri huyu asiyejibu salamu.

Hapo tawi nililolikanyaga likakatika. Si lile nililokuwa nakata, lilikuwa lingine, zima kabisa kwa macho, na nililigonga kabla sijalikanyaga. Mkaratusi, nimeshawaambia. Likaenda chini kule alikosimama mzee, nami nikalifuata.

Tusekile akageuka, akamtazama baba mkwe wake usoni, akapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Toka hapo! We baba, toka! Toka!"

Mzee akaruka kama kijana. Tawi likaua fimbo yake tu. Mimi kamba ilinikamata katikati ya mti, nikaning'inia kichwa chini kama popo, msumeno umenidondoka, nasikia tu Tusekile anavyohema. Kamba ilikuwa imekula glovu mpaka kwenye ngozi. Hakuachia. Alinishusha taratibu, kidogo kidogo, jinsi inavyotakiwa, mpaka miguu yangu ikagusa udongo. Ndipo akaachia ncha, akaanguka nyuma ya shina, akampa mzee mgongo na kujifunika uso kwa koti la mvua. Alikuwa anatimiza heshima yake. Alikuwa amechelewa, na sote pale tulijua.

Mzee Asajile alisimama kidogo akitazama vipande vya fimbo yake. Kisha akaingia zahanati.

Tuliofika kwake baada ya siku chache ni mimi na Mzee Ambakisye. Nilitegemea kumkuta amefura. Alitukaribisha, tukaletewa ndizi na chai, akakohoa sana kabla ya kusema.

"Ninyi mnadhani nimekasirika. Sikukasirika. Lile gogo lingenifukia pale pale bila jeneza. Yule mwana ameniokoa mimi, na wewe Mrangi amekuokoa. Lakini amenitazama, na ameniamuru kama mtoto. Siwezi kufanya kana kwamba halikutokea. Lazima niseme mbele ya ndugu zangu kwamba nimelifuta. Mdogo wangu mmoja yuko mgodini Kiwira. Akija, na mimi nikipata nafuu, nitawaita, nitasema."

"Ndaga, tata," Mzee Ambakisye akamshukuru. Tulirudi tukiwa wepesi. Njiani hata alinitania kwamba nimenenepa, ndiyo maana tawi lilikatika.

Mdogo mtu alikuja. Alikuja kwa mazishi. Kifua cha Mzee Asajile hakikupata nafuu, na siku aliyokuwa akiisubiri ikamkuta kaburini.

Mganga wa zahanati alisema kifua kile kilikuwa cha muda mrefu. Nani alimsikiliza? Shangazi zake Lwitiko walisema pale msibani, kwa sauti ya kusikika, kwamba mtu hawezi kupigiwa kelele usoni na mkwewe akabaki mzima. Tusekile alikuwa amekaa mbali kabisa, kwenye migomba, pamoja na wanaomenya ndizi, na hakuna aliyepokea ndizi alizomenya yeye.

Kikao cha ukoo kilipokaa, nilisimama. Nilisema niliyoyasikia kwa masikio yangu, kwamba marehemu alikuwa ameshasamehe, alisubiri tu ndugu wakamilike. Mzee mmoja akanijibu kwa upole, na upole wake ndio unaoniuma hadi leo: "Mwanangu, tunakushukuru. Lakini wewe ni mgeni, na wewe ndiye uliyekuwa juu ya mti. Ungesema nini kingine?"

Akasimama Mzee Ambakisye. Naye wakamwambia yeye ni bosi wa Tusekile. Wakamgeukia Lwitiko, mwenye mke. Lwitiko alikuwa akiviangalia viatu vyake. Nilimsubiri aseme. Nilimwomba Mungu, nikaomba kwa maneno yote niliyofundishwa madrasa, aseme hata neno moja. Akaviangalia viatu mpaka kikao kikaisha.

Tusekile akarudishwa kwao Kisiba. Watoto walibaki, kwa kuwa watoto ni wa ukoo wa baba. Yule mkubwa, aliyepeleka ujumbe, alimsindikiza mpaka barabarani akiwa amebeba sufuria ya mama yake kichwani, kisha akaambiwa arudi.

Tusekile aliendelea na kazi kwa muda mfupi, akiamka alfajiri kutoka Kisiba. Mikono ilipona. Lakini kila mtu mzima akipita njiani, Tusekile alikuwa anageuza shingo kuangalia ni nani. Mshika kamba akiangalia njia, aliye juu hana mtu. Alilijua hilo kuliko sisi. Siku moja alinishusha salama kutoka kwenye mgrevilea mdogo tu, akavua glovu, akazikunja, akampa Mzee Ambakisye. "Nitamuua mtu, baba," akasema. Hakuna aliyembembeleza, maana ilikuwa kweli.

Tangu hapo nilishikiwa na wengine. Mzee Ambakisye akastaafu, akafa. Miti mingi tuliyoihudumia kwa miaka, tukiipunguza hapa na kuitibu pale ili idumu, imeng'olewa kupisha mashamba ya parachichi. Kijana mwenye chenso ya kukodi anamaliza kwa asubuhi moja mti ambao sisi tuliugonga na kuusikiliza miaka yote. Mkaratusi wa zahanati nao ulishaondolewa. Nikiulizwa kazi yangu imeacha nini, sioni cha kuonyesha. Sisemi hivi ili mnihurumie. Ndivyo ninavyoona.

Kisha vikaja hivi vibano vyenu. Nakumbuka mwalimu wa mafunzo alivyotuonyesha: kidude cha chuma cha kutosha kwenye kiganja, unakifunga kwenye kamba yako mwenyewe, unapanda, ukianguka kinabana. Hakuna wa chini. Mtu anajishika mwenyewe. Vijana mlipiga makofi. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya gari, na kama kuna aliyeniona alidhani naenda haja. Nilikuwa nalia. Kidude kile kingetangulia kidogo tu, Tusekile angechutama zake nyuma ya mti, mzee angepita, na mama angelala na wanawe.

Juzi nilikwenda Kisiba. Tusekile ana kitalu cha miche ya parachichi nyuma ya nyumba ya kaka yake, nywele zimeanza mvi, ucheshi umebaki kidogo kwenye macho. Alinikaribisha chai. Nikamuuliza habari za watoto. Akasema mkubwa yuko Dar, hupiga simu sikukuu. Wa pili ameolewa.

"Harusi ilikuwaje?"

"Nilisikia ilipendeza," akasema.

Tulikaa. Nikatoa kibano mfukoni nikamwekea mkononi, nikamweleza kinavyofanya kazi. Alikigeuza geuza. Akavuta kamba ya kufungia mbuzi iliyokuwa pale, akaipitisha mwenyewe bila kuonyeshwa, akaivuta kwa nguvu. Kikabana.

"Kanashika kenyewe?"

"Kenyewe."

"Kadogo hivi."

Alikivutavuta kwa muda. Makovu ya kamba bado yapo kwenye viganja vyake, yamekuwa meupe. Kisha akasema bila kunitazama, "Kaka Idi, nikuambie kitu. Nikiwawaza wale watoto, huwa natamani ile siku ningeachia."

Nikaitazama miche yake.

"Halafu nakuona umekaa hapo, unakunywa chai, naona aibu."

Akanirudishia kibano, akainua birika, akaniongezea chai bila kuniuliza. Nikanywa.